Kuuliza si kumvunjia mtu heshima: Kutoka Piyaya hadi meza ya Wataliano Malindi

Piyaya ni kijiji cha wafugaji katika wilaya ya Ngorongoro, kilichoketi kwenye tambarare za nyasi jirani na milima ya Gol na mpaka wa Serengeti. Mtu aliyezaliwa huko anaweza kufika uzeeni bila kuonja samaki hata siku moja, na asijione amekosa kitu. Kwa jadi ya Wamasai samaki hahesabiwi kuwa chakula. Chakula ni maziwa na nyama, na siku hizi ugali. Sisi tuliokwenda huko kikazi hununua dagaa wakavu tunapofika Arusha, tukawapika jioni mlango ukiwa umefungwa, ili harufu yake isiwasumbue majirani.

Katika mazingira hayo, familia ya Kiislamu hujifunza mapema kuuliza. Wamasai ni watu wakarimu, na sherehe haipiti bila jirani kualikwa. Lakini katika baadhi ya sherehe zao mnyama huzibwa pumzi mpaka afe, wala hachinjwi. Kwa hiyo kila tunapoalikwa mimi huuliza: mnyama huyu ameuawa vipi, na nani aliyemchinja? Katika miaka tisa sijamwona jirani aliyekasirika kwa swali hilo. Mara nyingi mwenye sherehe hunikabidhi kamba ya mbuzi mmoja, akaniambia kuwa huyu ni wako na watoto wako, mchinje kama dini yako inavyokuagiza. Tumekula pamoja kwa utaratibu huo, na ujirani wetu umezidi kukua.

Nimeanza na habari hiyo, ndugu msomaji, kwa sababu mwezi wa Disemba shule zilipofungwa tulisafiri hadi Malindi, pwani ya Kenya, tukakalishwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe katika mgahawa wa samaki wa familia ya Kitaliano. Hapo ulimi wangu, uliozoea kuuliza bila haya mbele ya boma la mfugaji, ukawa mzito kama jiwe.

Posa iliyosimamishwa

Hatukwenda Malindi kutembea tu. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alilelewa nyumbani kwetu kabla ya kumfuata ami yake pwani. Sasa ni kijana wa miaka ishirini na sita, na kwa miaka minne amefanya kazi katika jiko la mgahawa huo. Alikuwa amepeleka posa kwa familia moja ya mjini humo. Baba wa binti aliipokea kwa wema, kisha baada ya wiki mbili akaisimamisha. Watu walikuwa wamemwambia kwamba kijana anapika nguruwe na kuwamiminia Wazungu mvinyo.

Mzee huyo hakumtukana mtu. Alituma ujumbe mfupi: hana ugomvi na kijana, ila hawezi kumkabidhi binti yake kwenye nyumba ambayo hajui riziki yake inatoka wapi. Akaomba mtu mzima wa upande wa mvulana aende akaone kwa macho yake, kisha amweleze ukweli. Kwa mila zetu mtu huyo ni mjomba, na mjomba ni mimi.

Tukatoka Piyaya alfajiri, mimi, mke wangu na watoto wawili, kwa barabara ya vumbi hadi Mto wa Mbu, kisha kwa lami hadi Arusha. Siku ya pili tukapita Moshi, tukavuka mpaka Holili na kuingia Taveta, tukashika njia ya Voi hadi Mombasa. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni mwendo wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini, kupitia Mtwapa na Kilifi. Binti yangu wa miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa hajaiona bahari, alikaa kimya tangu daraja la Kilifi mpaka tulipofika. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwamba alikuwa anatafuta mwisho wa maji na hauoni.

Wataliano walifikaje Malindi

Malindi ni mji wa kale wa Waswahili. Karibu na msikiti wake wa Ijumaa, ufukweni, yamesimama makaburi ya mnara. Vasco da Gama alipotia nanga hapo mwaka 1498, aliikuta bandari yenye mfalme, wafanyabiashara na mabaharia wanaoijua njia ya India.

Wataliano wao wamekuja juzi tu. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga kituo cha kurushia setilaiti katika ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji. Kituo hicho kiliitwa San Marco, na aliyekiongoza alikuwa Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka kwenye jukwaa lile la baharini iliondoka Aprili 1967. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa nyingine ya Marekani ya kuchunguza nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wahandisi walikuja na familia zao, wakawaeleza ndugu zao habari za pwani ile, na watalii wakafuata. Baadhi yao walijenga nyumba, hoteli na migahawa, wakabaki. Leo ukipita mitaa ya Malindi utawasikia vijana wa Kigiriama na Kiswahili wakizungumza Kitaliano kwa ufasaha, ingawa wengi wao hawajawahi kukanyaga Italia.

Mgahawa anaofanya kazi mpwa wangu ni wa familia moja. Bibi mwenye mgahawa, mjane wa miaka zaidi ya sabini, bado hukaa jikoni. Mwanawe hupika tambi na kusimamia hesabu, mkwewe hupokea wageni, na wajukuu hufanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni. Wafanyakazi wote humwita Nonna, yaani nyanya kwa lugha yao, na Kiswahili chake ni cha Malindi hasa.

Meza yenye kitambaa cheupe

Mpwa wangu alikuwa na busara katika kutupangia muda. Anajua, kama tunavyojua sote, ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ambamo Mtume (SAW) amemkataza mwenye kumwamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayopitishwa ulevi. Kwa hiyo hakutuita usiku, wala hakutuita saa ya chakula cha mchana. Alitutaka tufike saa tisa, wageni wote wakiwa wameondoka na mlango umefungwa, wakati ambapo familia na wafanyakazi hukaa kula chakula chao. Nonna mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mjomba aliyetoka mbali hivyo hawezi kurudi kwake bila kula.

Tulikuwa tumekwisha kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, kwa rukhsa ya msafiri. Tulipoingia meza ilikuwa tayari. Hapakuwa na chupa ya mvinyo juu yake, na nilielewa baadaye kwamba Nonna aliiondoa kabla hatujafika. Vyakula vikaanza kuja: bakuli la kome waliochemshwa kwa kitunguu saumu na majani ya kotmiri, pweza baridi aliyekatwa vipande na kumiminiwa mafuta ya zeituni na ndimu, wali mweusi uliopikwa kwa wino wa ngisi, na sinia ya changu na kamba waliochomwa juu ya makaa.

Nilijisemea moyoni: hapa hapana nyama, vyote ni vya bahari, na vya bahari vimehalalishwa. Aya ya 96 ya Suratul-Maida iko wazi kuhusu uvuvi wa baharini na chakula chake kuwa halali kwetu na kwa wasafiri. Mtume (SAW) naye alipoulizwa kuhusu maji ya bahari alijibu kuwa maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Nikakumbuka pia kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim cha masahaba mia tatu waliotumwa pwani chini ya Abu Ubayda (RA). Chakula kiliwaishia mpaka wakala majani, kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno, wakamla kwa siku nyingi. Waliporudi Madina, Mtume (SAW) aliwaambia kuwa ile ilikuwa riziki kutoka kwa Allah, naye akaomba kipande akala.

Hoja hizo zote ni za kweli. Lakini nazitaja kwa kuungama, kwa sababu wakati ule sikuzitumia kutafuta haki. Nilizitumia kujitafutia njia ya kutouliza. Nilijua kwamba samaki ni halali. Nilichokuwa sikijui ni kilichotiwa pamoja na samaki chunguni. Niliona haya mbele ya kitambaa kile, mbele ya vijiko vilivyopangwa na bibi mzee aliyetuandalia kwa mikono yake. Nikaogopa kuonekana mshamba aliyetoka porini.

Nikanyoosha mkono. Binti yangu akaniinamia sikioni akasema: “Baba, hapa huulizi?”

Mkono ukabaki hewani. Mke wangu alitazama sahani yake, na mpwa wangu akatazama chini. Mtoto alikuwa ameniona mara nyingi nikiuliza mbele ya boma la jirani asiye na kiti cha kumkalisha mgeni. Sasa alitaka kujua kama swali lile ni la dini yetu, au ni la kuwauliza maskini tu.

Chungu kimoja cha chomboni

Nikaweka mkono chini, nikamgeukia Nonna, nikamwambia kwa adabu: “Bibi, tunakushukuru sana kwa ukarimu wako. Sisi dini yetu inatukataza ulevi, hata ule uliotiwa kwenye mchuzi, na inatukataza nguruwe na mafuta yake. Naomba utueleze kila chungu kimetiwa nini.”

Nilitarajia uso ubadilike. Badala yake bibi yule alijipiga kipaji cha uso kwa kiganja, akamwita mwanawe kwa sauti kubwa, wakasemezana kwa Kitaliano kwa haraka. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole, chakula kimoja baada ya kingine. Kome: wametiwa mvinyo mweupe, ndivyo wanavyopikwa kwao. Wali mweusi: umetiwa mvinyo pia, kikombe kimoja, mwanzoni. Mwanawe alisema kwamba moto huukausha wote. Nilimjibu kwa upole kwamba kwetu hukumu haingoji ukauke, kwa kuwa kilichoharimishwa hakitiwi chunguni tangu mwanzo. Akainua mikono, akakubali.

Pweza: amechemshwa kwa maji na chumvi peke yake. Samaki na kamba wa makaa: mafuta ya zeituni, chumvi na ndimu, naye mpwa wangu ndiye aliyewachoma, juu ya wavu ambao nyama haiwekwi. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa ipo katika jokofu la juu, ina ubao wake na kisu chake, na mpwa wangu haigusi. Hili alilisema Nonna bila kuulizwa.

Kome na wali vikaondolewa mezani. Nonna alisimama, akasema tungoje nusu saa, akaingia jikoni mwenyewe. Mke wangu aliomba ruhusa ya kumfuata, akakubaliwa, na aliyoyaona huko ndiye aliyenisimulia. Bibi alichukua sufuria, akaisugua na kuisuuza mara tatu mbele yake, akatengeneza upya mchuzi wa vichwa vya samaki, nyanya na kitunguu saumu. Na wakati mchuzi unachemka, akamsimulia habari ya utotoni kwake.

Kumbe kwao ni Mazara del Vallo, mji wa wavuvi wa kisiwa cha Sicilia, upande unaotazama Tunisia. Tangu miaka ya 1960 wavuvi wa Kitunisia wamekuwa wakihamia mji huo na kufanya kazi katika vyombo vyake. Baba yake Nonna alikuwa na chombo, na nusu ya mabaharia wake walikuwa Waislamu. “Chomboni chungu ni kimoja,” alimwambia mke wangu. “Baba yangu alikuwa hatii mvinyo chunguni, na Ramadhani chakula kilipikwa kwa saa zao. Mimi nimesahau. Ningeulizwa mapema ningekumbuka.”

Maneno hayo ya mwisho mke wangu aliyarudia mara mbili tulipokuwa njiani kurudi. Miaka minne Waislamu wa jikoni kwake walikuwa wakiona haya kumwuliza, wakila mkate na nyanya wakati wa chakula cha pamoja, naye akidhani kwamba hawapendi mapishi yake.

Chakula tulichotengenezewa kilikuwa kuskusi ya samaki: chengachenga za ngano zilizopikwa kwa mvuke, juu yake mchuzi mwekundu na vipande vya chewa. Ni chakula cha upande ule wa Sicilia, na jina lake halifichi asili yake. Waislamu walitua Mazara mwaka 827, wakaitwaa Palermo mwaka 831, na waliendelea kutawala sehemu za kisiwa hicho hadi Wanormani walipomaliza kuwashinda mwaka 1091. Hata baada ya hapo elimu yao iliheshimiwa. Mwanajiografia Al-Idrisi alimaliza kitabu chake kikubwa mwaka 1154 katika kasri la Mfalme Roger wa Pili, huko Palermo. Humo ameeleza kwamba katika kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, walitengeneza tambi nyingi na kuzisafirisha kwa majahazi hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Na katika kitabu hicho hicho ameutaja mji wa Malindi katika nchi ya Zanji, na watu wake wanaovua na kuwinda. Karne tisa zilizopita tambi za Sicilia na wavuvi wa Malindi walikuwa wamekwisha kukutana katika kurasa za mwanachuoni Mwislamu. Nilipomweleza Nonna, alicheka, akamwita mjukuu wake asikilize.

Jambo jingine lilitufurahisha. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza kuhusu jibini, kwa sababu jibini nyingi za Italia hugandishwa kwa chachu itokayo tumboni mwa ndama, na ulamaa wetu wana maelezo yaliyotofautiana kuhusu ndama asiyechinjwa kisharia. Mwanawe Nonna alishangaa: kwao kutia jibini kwenye chakula cha samaki ni aibu. Swali hilo likaisha bila mjadala.

Aliyoyasema kijana

Tulipokuwa tukinywa chai, mpwa wangu aliketi mbele yangu. Nilikwisha kufurahi moyoni. Niliyoyaona yalitosha kumjibu mzee: kijana hapiki nguruwe. Hutoka nyumbani baada ya Alfajiri, huenda ufukweni kuwapokea wavuvi, huchagua samaki, huwasafisha na kuwachoma. Kazi yake ni safi.

Akasema: “Mjomba, kabla hujaenda kwa mzee, kuna jambo hukuliona.”

Akanieleza kwamba msimu wa watalii unapopamba moto, usiku wa Jumamosi wahudumu huwa hawatoshi, naye huvaa shati jeupe na kusaidia kupeleka sinia mezani. Katika sinia hizo zimo chupa. Hulipwa ziada kwa usiku huo, na ziada hiyo ndiyo aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya mahari.

Sikuwa na la kumjibu. Jioni hiyo, baada ya Magharibi, tulikaa na sheikh wa msikiti wa mtaani kwake. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha hadithi ya Anas (RA) iliyopokewa na Tirmidhi, ambamo watu kumi wamelaaniwa kwa ajili ya ulevi, na miongoni mwao wamo anayeubeba, anayeunywesha na anayekula thamani yake. Akasema kuwa kubeba chupa ni jambo lisilo na mjadala, aliache leo, si mwisho wa msimu. Na ile fedha ya Jumamosi asiihesabu katika mahari. Aitoe kwa wenye shida bila kutarajia thawabu ya sadaka. Ama kazi ya kununua, kusafisha na kuchoma samaki, hiyo ni halali yenyewe. Lakini kwa kuwa mahali pale panauzwa pia kilichoharimishwa, na kwa kuwa hadithi ya Nu'man bin Bashir (RA) inamsifu anayejiepusha na yenye shaka, alimnasihi aendelee kutafuta mahali pengine, au ajipange kufungua jiko lake, na asizoee.

Asubuhi mpwa wangu alikwenda kwa Nonna peke yake. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Alirudi akasema kwamba bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema sinia za Jumamosi atazibeba mwanawe. Ziada ya mshahara imekwenda, lakini kazi ya makaa imebaki.

Kwa mzee nilisema niliyoyaona. Nilipofika kwenye habari ya Jumamosi, mpwa wangu aliomba aiseme mwenyewe, akaisema bila kupunguza. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Mwishowe alisema kwamba watu waliomletea habari walimwambia mambo mawili, la uongo na la kweli, na hakuna aliyejua lipi ni lipi kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Ndoa haikufungwa siku hiyo. Alitaka miezi sita ipite, kijana akusanye mahari kwa fedha ya makaa tu. Mpwa wangu ameridhia, na kwa uwezo wa Allah familia mbili zitakutana tena baada ya Idi.

Kwa familia inayosafiri

Wasomaji wengi wa ukurasa huu husafiri na watoto wakati wa likizo, na migahawa ya samaki ya Kitaliano ipo Malindi, Watamu, Diani na Zanzibar. Nimejifunza kwamba kabla ya kuagiza inafaa kuuliza mambo machache kwa utulivu. Je, mchuzi, wali au kome wametiwa mvinyo? Je, mafuta ya kukaangia yametumika kwa nyama nyingine? Je, wavu wa kuchomea ni wa samaki peke yake? Je, siki iliyotumika ni siki kamili? Siki yenyewe Mtume (SAW) ameisifu kuwa kitoweo chema, lakini mchuzi unaoitwa kwa jina la siki huenda ukawa na kingine ndani yake. Na je, kuna saa au sehemu isiyopitishwa ulevi, ambapo familia inaweza kukaa?

Kila mtu pia aangalie madhehebu yake na aheshimu ya mwenzake. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Mashafii, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Kwa Mashafii mlango wa vya baharini ni mpana, ingawa wengi wao wanamkataza kaa kwa kuwa huishi majini na nchi kavu. Mahanafi wao wanahalalisha samaki, wakamwacha pweza na ngisi, na wamehitilafiana juu ya kamba. Ndugu zetu Ithnaashari wanataka samaki mwenye magamba, na kamba wanamla. Ukimwona mwenzako anasogeza sahani ya pweza, usimcheke wala usimlazimishe.

Wala swali lisigeuke kuwa wasiwasi. Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba watu walimweleza Mtume (SAW) kuhusu nyama waliyoletewa na waliosilimu karibuni, wasijue kama imetajiwa jina la Allah, naye akawaambia walitaje wao na wale. Dini yetu haikutuamuru kuwapekua watu. Imetutaka tusijifanye hatujui, pale tunapojua kwamba kuna jambo la kuuliza.

Tuliporudi Piyaya, jirani yetu alikuja kutupokea na kibuyu cha maziwa. Watoto wakamsimulia habari za bahari isiyo na mwisho, na za mnyama mwenye mikono minane na asiye na mfupa hata mmoja, ambaye tulimla kwa mafuta ya zeituni. Mzee alisikiliza kwa makini na uso wa huzuni, kama anayesikia habari za watu waliopatwa na njaa kali. Kisha akanigeukia, akaniuliza swali ambalo amelisikia kwangu kwa miaka tisa:

“Na huyo, nani alimchinja?”